Je, Chema Chajiuza Chenyewe?



Wahenga walituachia methali isemayo, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii twaipenda sana hapa Mkange. Twaitumia sokoni, twaitumia katika mambo ya posa, na siku hizi tumeanza kuitumia hata kanisani. Mtu akituuliza mbona Wakristo wa mtaa huu hatuwaambii jirani zetu habari za Bwana wetu, sisi wazee hujibu upesi: "Hakuna haja ya kusema. Tuishi vema, watu wataona wenyewe. Chema chajiuza."

Vijana wetu hawakubaliani nasi. Wao wataka vipaza sauti, mikutano ya hadhara, na nyimbo za kusikika mpaka mwisho wa kijiji. Husema kwamba wazee tumelala, na kwamba taa tuliyopewa tumeificha chini ya pishi. Nasi huwajibu kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Basi mazungumzo huishia hapo, kila upande umeshika methali yake, na jirani aliyekuwa nje ya mlango wa kanisa bado yuko nje.

Tungependa leo kulipima jambo hili polepole, kama mwalimu apitiavyo hesabu ya mtoto hatua kwa hatua bila kurukia jibu. Swali letu ni hili: Mtu atakaye kumtumikia Mungu kwa moyo wake wote, je, yatosha aishi vema na kunyamaza? Au yampasa kusema? Na kama yampasa kusema, aseme lini, na kwa namna gani?

Kwetu swali hili si la darasani. Wengi wa jirani zetu ni Waislamu. Tunazikana nao, tunaalikana wakati wa Idi na wakati wa Krismasi, tunachota maji pamoja, na watoto wetu wamekaa dawati moja. Neno moja lililosemwa kwa kiburi laweza kubomoa ujirani wa miaka 30. Lakini, kama tutakavyoona, neno lisilosemwa nalo lina hasara yake.

MZIGO ULIOFIKA BAGAMOYO

Tuanze na jambo lililotokea karibu nasi. Mwezi wa Februari 1874 msafara wa watu waliochoka uliingia Bagamoyo ukitoka bara. Walikuwa wamechukua mzigo mrefu uliofungwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na maiti ya Daktari David Livingstone, aliyefariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Viongozi wa msafara ule walikuwa Abdullah Susi na James Chuma.

Wengi wetu tulifundishwa habari hii shuleni, na wengine tumeifundisha. Lakini mara nyingi twaisimulia kana kwamba ni habari ya Livingstone peke yake. Tukiitazama vizuri, ni habari ya wachukuzi. Bwana wao alikuwa amekufa. Hapana aliyebaki wa kuwaamuru wala wa kuwalipa. Wangaliweza kumzika palepale na kurudi kwao, na hapana ambaye angaliwalaumu. Badala yake waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili juani kwa muda wa wiki mbili hivi, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, kisha wakashika safari ya miezi mingi kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,500.

Ugonjwa uliwakamata njiani hata ikawabidi kusimama. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na msafiri Mwingereza, Luteni Cameron, naye akawashauri wamzike hukohuko. Walikataa. Mbele kidogo watu wa nchi hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wakaufunga mwili upya mfano wa mtumba wa nguo, wakaendelea. Walipofika pwani walilipwa ujira wao, wakaachwa waende zao.

Sasa tazameni. Livingstone katika maisha yake hakubatiza watu wengi. Kwa kawaida hutajwa mmoja tu, Sechele, mfalme wa Wakwena huko kusini mwa Afrika, aliyebatizwa mwaka 1848. Muda mfupi baadaye Sechele alimrudia mmoja wa wake zake wa zamani, na Livingstone akaona kazi yake imekuwa bure. Kwa hesabu ya daftari la ubatizo, mmisionari huyu alishindwa. Kumbe Sechele aliendelea kuwafundisha watu wake Biblia kwa miaka mingi baada ya Livingstone kuondoka. Na Susi, aliyeongoza msafara ule, hakuwa Mkristo siku ile alipoingia Bagamoyo. Alibatizwa Unguja mwaka 1886, miaka 12 baadaye, akaitwa Daudi, jina lile lile la bwana wake aliyemleta pwani akiwa maiti.

Hapo mwenye methali atafurahi na kusema, "Mwaona! Chema kimejiuza." Nasi twakubali kwamba pana ukweli mkubwa. Mtu hachukui maiti ya mwenzake kwa miezi mingi kwa sababu ya hotuba aliyoisikia. Livingstone hakuwa malaika. Alikuwa mgumu kwa Wazungu wenzake, na mke wake na watoto wake walipata taabu nyingi kwa ajili ya safari zake. Lakini watu waliolala naye porini na kula naye njaa walikuwa wameona jambo ambalo halisemwi kwa maneno.

Walakini hesabu yetu haijaisha. Pale kwa Chitambo, siku ya kuuzika ule moyo, alikuwapo kijana mmoja jina lake Jacob Wainwright. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa akasomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi. Yeye ndiye aliyesoma kwa sauti sala za maziko za Kanisa letu, kisha akachora maandishi katika mti ule. Bila wachukuzi, mwili usingalifika Bagamoyo. Bila Wainwright, wenyeji wa Chitambo wangaliona watu wakifukia kitu ardhini tu, wasijue wafanya hivyo kwa tumaini gani. Mikono ilifanya kazi yake, na kinywa kikafanya kazi yake. Hapana kimoja kilichomwambia mwenzake, "Wewe kaa, mimi natosha."

NJIA ILIYOANZIA SAADANI

Habari ya pili ni ya jirani zaidi. Mwaka 1876 alifika pwani yetu kijana wa Uskoti, Alexander Mackay, aliyetumwa na CMS kwenda Uganda. Hakuwa padre. Alikuwa fundi wa mitambo. Kwanza alijaribu kuupanda Mto Wami kwa mashua ya mvuke, akaona hauendeki. Mwaka 1877 akashika kazi ya kufyeka njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, zaidi ya kilomita 300. Sisi wa Mkange twazijua pori za upande ule, na twaujua udongo wake mweusi wakati wa masika. Hatuhitaji kuelezwa kazi ile ilikuwa ya namna gani.

Alifika Uganda mwaka 1878. Huko alifua chuma, alichonga mbao, alipiga chapa vitabu, na mama yake Kabaka Mutesa alipofariki mwaka 1882, yeye ndiye aliyetengeneza majeneza. Vijana walikuja kumtazama akifanya kazi, naye akawafundisha kusoma Injili hapohapo penye vumbi la mbao. Alifundisha kwa kinywa, lakini watu walikuwa tayari kumsikiliza kwa kuwa walikuwa wameiona mikono yake. Baadhi ya vijana waliofundishwa katika misheni ile waliutoa uhai wao katika mateso ya miaka ya 1885 hadi 1887. Mackay mwenyewe hakurudi kwao Ulaya hata mara moja. Alifariki kwa homa huko Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1890.

Hata hivyo haifai kumfanya kuwa bila doa. Barazani kwa Kabaka alibishana kwa ukali na mapadre wa Kikatoliki, hata Kabaka akashangaa kuona wafuasi wa Kristo mmoja wakikanushana mbele yake. Basi hapo twajifunza upande wa pili: fundi aweza kubomoa kwa ulimi alichojenga kwa nyundo. Kusema si jambo jema kwa sababu tu ni kusema. Lategemea limesemwa kwa roho gani.

CHAMBO SI UPENDO

Huenda mtu akasema, "Basi tumeelewa. Tutende mema ili tuwavute watu, halafu tuwahubirie." Ndugu, hapo pana hatari, nasi twaomba tuitazame kwa makini.

Mvuvi atiapo chambo katika ndoana, hafanyi hivyo kwa kumpenda samaki. Tukimpelekea jirani mgonjwa unga na sukari huku moyoni twahesabu siku atakayoingia kanisani, tumemfanya samaki. Naye atajua. Watu wa pwani wamezoea biashara tangu enzi za mababu. Huijua bidhaa yenye masharti hata kabla haijafunguliwa. Bwana wetu aliwaponya wenye ukoma 10, naye mmoja tu ndiye aliyerudi kushukuru. Hatusomi kwamba wale 9 walirudishiwa ukoma wao.

Basi kipimo cha kwanza ni hiki: Je, tungeendelea kumtendea jirani mema hata kama tungejua kwa hakika kwamba hatabadili dini yake mpaka siku ya kufa kwake? Tukijibu ndiyo, huo ni upendo. Tukijibu hapana, hiyo ni biashara, na tusimtwike Mungu biashara yetu.

Lakini kipimo hiki kina ndugu yake, nacho ndicho kilichotushinda sisi wenyewe. Hatupendi kulisimulia jambo hili, ila tumeona kwamba bila hilo makala haya yatakuwa maneno ya mwalimu anayefundisha somo ambalo hakufanya mtihani wake.

KOSA LETU

Tulikuwa na jirani, mzee wa Kiislamu, mtu wa swala tano, ambaye kwa miaka mingi tuliketi naye barazani kila jioni. Mwaka mmoja, baada ya mavuno, magunia yetu 3 ya ufuta yaliibwa ghalani. Ufuta ule ndio uliokuwa ada ya shule na bati za nyumba. Halikupita juma moja tukamjua aliyeiba: kijana wa ukoo wa mzee yule. Ushahidi ulikuwapo. Kila aliyesikia alitushauri tumpeleke polisi.

Hatukumpeleka. Lakini msidhani tulisamehe kwa wepesi. Kwa wiki tatu hatukulala vema. Tulimkasirikia kijana, tukamkasirikia na mzee asiye na kosa, hata baraza tukaikimbia. Jumapili mbili tulikwenda Misa tukashindwa kuikaribia meza ya Bwana, kwa kuwa kila tulipofika pale katika Sala ya Bwana penye habari ya kusamehe, ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Mwishowe tulikwenda kwa padre, tukaungama hasira yetu. Tuliomba, tukaomba tena. Alfajiri moja tukaamka tukaona mzigo umetua. Tulimwita kijana, tukamwambia kwamba tumeyaachilia. Aliahidi kulipa kidogo kidogo, akalipa gunia 1. Yaliyobaki hatukumdai.

Siku chache baadaye mzee alikuja barazani baada ya swala ya isha. Akaketi kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, nataka kukuuliza. Mimi ningekuwa wewe, yule kijana sasa hivi angekuwa ndani. Huko kanisani kwenu mnafundishwa nini hata mtu akaweza kuachilia jambo kama hili?"

Ndugu zetu, ni mlango gani ulio wazi kuliko huo? Hatukuwa tumempigia kelele. Hatukuwa tumemwekea chambo. Aliuliza mwenyewe, kwa heshima, usiku, hapana mtu wa tatu. Nasi tukajibu, "Aa, mzee wangu, ni ubinadamu tu."

Akatutazama, akasema, "Haya." Kisha tukazungumza habari za mvua.

Masika iliyofuata mzee alifariki. Tulikwenda mazikoni, tukashika chepe pamoja na wengine, tukarudi nyumbani na swali lake. Tunalo mpaka leo.

Kwa muda mrefu tulijitetea kwamba tulinyamaza kwa kuiheshimu dini yake. Si kweli. Kumheshimu kungalikuwa kumjibu alichouliza. Kweli ni kwamba tuliona haya. Tuliogopa kuonekana watu wa kujigamba, tukaogopa baraza isije ikabadilika. Na liko jambo kubwa zaidi. Jibu letu lilikuwa uongo. Haukuwa ubinadamu. Ubinadamu wetu ndio uliotaka kijana yule afungwe. Ndio uliotunyima usingizi kwa wiki tatu. Aliyetuwezesha kusamehe ni Mwingine, tuliyemwomba kwa machozi. Na zilipoulizwa habari zake, tulificha jina lake, tukaipokea sifa sisi.

Hapo ndipo tulipoielewa methali yetu kwa mara ya kwanza. Chema chajiuza, naam. Lakini kikiisha kujiuza, fedha huingia mfuko wa nani? Mtu aliyewekwa dukani na tajiri wake, akauza mali, akanyamaza, akatia fedha mfukoni mwake, twamwitaje? Twamwita mwizi. Sisi tulimsamehe kijana aliyechukua magunia 3 ya ufuta, kisha usiku ule barazani tukaiba mali ya Bwana wetu.

MOYO WOTE NI MOYO MMOJA

Katika sura ya 12 ya Injili ya Marko twasoma kwamba amri iliyo kuu ni kumpenda Mungu kwa moyo wote. Wengi hudhani kwamba moyo wote maana yake ni bidii nyingi: kuimba kwa nguvu, kufunga kwa siku nyingi, kutokosa ibada. Hayo ni mema. Lakini moyo wote, kwanza kabisa, ni moyo usiogawanyika. Ni moyo ulio mmoja kanisani, shambani, sokoni na barazani.

Mathalani, Mkristo anayekusanya sadaka Jumapili, na Jumatatu ananunua mazao ya wakulima kwa lumbesa, huyo ameugawa moyo wake. Nusu iko madhabahuni, nusu iko katika gunia. Na Mkristo asiyedhulumu mtu, mwenye subira na mkono wazi, lakini akiulizwa chanzo cha subira yake hukificha, naye ameugawa. Wa kwanza kinywa chake kimetangulia mbali, mikono haionekani. Wa pili mikono imefika, kinywa kimebaki nyuma. Kila mmoja humcheka mwenzake, na wote wawili wana nusu.

Wengine watatuambia, "Mimi si msomi. Sijui kujadiliana na watu wenye elimu ya dini." Lakini Mtume Petro, katika sura ya 3 ya waraka wake wa kwanza, hakutuagiza kushinda mabishano. Alitaka tuwe tayari kumjibu kila aulizaye sababu ya tumaini letu, tena kwa upole na kwa heshima. Angalieni kwamba Petro amtaja mtu aulizaye. Maana yake, alitazamia kwamba Wakristo wataishi maisha ya kuulizwa. Kama tangu mwaka juzi hapana mtu aliyetuuliza neno, huenda tatizo si kinywa chetu. Huenda hakuna kilichoonekana cha kuulizia.

Wala kujibu hakuhitaji shahada. Yule mwanamke Msamaria katika Injili ya Yohana aliacha mtungi wake kisimani, akawaambia watu wa mji jambo lililompata yeye, akawaacha waje kujionea. Hakuwatolea hotuba, wala hakungoja kwanza maisha yake yanyooke.

Wengine watasema, "Jirani zetu watakasirika." Tumeishi na jirani hawa miaka mingi, nasi twaona sivyo. Mwislamu hakasiriki akisikia Mkristo akisema kwamba Mungu ndiye aliyemsaidia. Yeye mwenyewe akiulizwa hali husema "Alhamdulillahi," akipanga safari husema "Inshallah," wala haoni haya. Sisi ndio wenye haya. Kinachomchukiza, na ana haki ya kuchukizwa, ni kudharauliwa imani yake au kulaghaiwa. Hayo yangetuchukiza hata sisi. Kutaja alichotutendea Bwana wetu, tunapoulizwa, si dharau wala si ulaghai. Ni kusema kweli tu.

TUFANYEJE BASI?

Twatoa mashauri machache, kila mtu ayapime.

Kwanza, tuanze na madeni na vipimo. Kabla mtaa wetu haujanunua kipaza sauti, kila mmoja wetu alipe anachodaiwa dukani, arudishe jembe aliloazima, na aangalie mizani yake. Mahubiri ya mtu mwenye deni asilotaka kulipa hayafiki mbali, hata yakipazwa namna gani.

Pili, kila mmoja wetu aliandae jibu lake. Si hotuba. Sentensi mbili au tatu za kweli: ni jambo gani alilotutendea Kristo, na kwa nini twamtumaini. Wazazi wawasaidie watoto wanaokwenda kutafuta kazi Dar es Salaam, maana huko wataulizwa na watu wasiowajua, wala hapatakuwa na padre wa kuwajibia.

Tatu, tusipime upendo wetu kwa idadi ya watu walioingia kanisani. Tukiwa na mgonjwa wa kumhudumia, tumhudumie. Akiuliza, tumjibu. Asipouliza, tuendelee kumhudumia. Susi alichukua miaka 12 baada ya Bagamoyo, na Mungu hakuona kwamba amechelewa.

Nne, wazee na vijana tuache kurushiana methali. Vijana wetu wana jambo ambalo sisi tulilikosa usiku ule barazani, nalo ni kutoona haya. Sisi nasi huenda tuna jambo ambalo wao bado hawajalipata, nalo ni uvumilivu wa kubeba mzigo njia ndefu bila kuonekana. Kijana anayeimba mkutanoni ashike pia na mtu mmoja wa kumbeba: yatima, au mzee asiye na wa kumchotea maji. Na mzee anayejivunia ukimya wake ajiulize kama ni unyenyekevu ama ni woga.

Tano, tukikosa, tukiri kwa jirani waziwazi. Huenda hapana mahubiri yaelewekayo upesi kama Mkristo anayesema, "Nimekukosea, nisamehe."

Tumalize na lile lililotusukuma kuandika. Yule kijana wa ufuta sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Hupita mbele ya nyumba yetu akatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nasi humwitikia. Kwa miaka yote hii hakuuliza neno, nasi tulijiambia kwamba asiyeuliza hajibiwi. Lakini jibu la uongo tulilompa mzee wake lilikuwa limeenea. Watu walisema kwamba Mwalimu ana moyo mzuri, nasi tuliwaacha waseme hivyo.

Mwezi uliopita tulimwita barazani. Tulimwambia, "Mwanetu, siku ile tulipokuachilia, watu walisema ni wema wetu. Haikuwa hivyo. Sisi tulitaka ufungwe. Tulimwomba Yesu Kristo atusaidie, ndipo tukaweza. Mzee wako alituuliza, nasi hatukumwambia kweli. Tumeona tukuambie wewe."

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Kitambo kidogo adhana ya magharibi ikasikika, akaaga, akaenda zake msikitini. Hatukuongeza neno, wala hatukumwambia arudi. Deni letu kwa marehemu halilipiki tena. Lakini jioni ile, baada ya miaka mingi, tuliingia ndani tukasali Sala ya Bwana bila ulimi kuwa mzito.

Bwana atujalie mikono isiyochoka kubeba, na kinywa kisichoona haya kulitaja jina la mwenye mali. Amina.